Gari la Papa Halikulogwa

Katika mtaa wa Cimpunda wa utoto wetu, juu ya mlima hapa Bukavu, gari halikuharibika, lililogwa. Redio ikinyamaza, imelogwa. Kuku akikataa kutaga, jirani ana jicho baya. Ninyi mliokulia nami kwenye mteremko ule, mliopiga mpira wa majani ya migomba ambao ukituponyoka ulishuka wenyewe hadi nyumba za chini, na aliyeupiga ndiye aliyeufuata, mnajua kwamba sitii chumvi. Nawaandikia ninyi, kwa sababu mwezi uliopita, kwenye matanga ya mwenzetu mmoja, nilimsikia mtu mwenye mvi kama zangu akiwasimulia vijana kwamba gari la baba yangu lililogwa na mwanamke mjane, na kwamba baba alikwenda Luberizi kutafuta mganga. Nilisimama nikasema ni uongo. Kijana mmoja akanishika mkono kwa upole: "Muzee, wacha tu, ile iko histoire ya zamani."

Siachi. Nilikuwa chini ya gari lile. Huyo msimulizi hakuwepo.

Baba yetu, ambaye sisi tulimwita Papa na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alifundisha fizikia katika shule ya sekondari. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na mtoto aliyesema mezani "banasema kwamba" aliulizwa papo hapo ni akina nani hao wanaosema, na kama hakuwa na jina la kutaja, alinyamaza akala. Tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa utulivu mkubwa sana, sisi watoto wa nyumba ile.

Gari lake lilikuwa kubwa, la rangi ya maziwa, lenye pua ndefu na magurudumu ya nyuma ndiyo yenye kusukuma. Lakini halikuwa na vitesi, yaani gia, vya kubadilisha kwa mkono. Lilikuwa otomatiki, na katika komini yetu yote ya Kadutu sikupata kuona lingine. Madereva wa malori walikuja kuinama mlangoni wahesabu pedali: mbili tu. "Ya tatu iko wapi, Mwalimu? Baliiba?" Dada yangu Furaha nami tulisimama kando tukiwa tumevimba kwa fahari, kana kwamba ni sisi tuliolibuni.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mjane mmoja, Koko Nsimire. Hakuwa bibi yetu kwa damu, lakini hakuna mtoto aliyemwita vinginevyo. Aliuza sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Alizikaanga mwenyewe uani, na harufu ile ilipopanda na upepo wa ziwa saa ya kutoka shuleni, miguu yetu ilijua njia bila kuulizwa. Alitupa kila mmoja gao lake katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la zamani, tukazila zikiwa bado moto, na karatasi ikabaki ina mafuta hadi hesabu za mtu usiyemjua zikaonekana upande wa pili. Nyumba yake ya udongo na mabati mawili matatu ndiyo mali pekee aliyoachiwa na mumewe. Hakuwa na mwana aliye hai.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, Papa alikuwa anateremka na gari limejaa walimu wenzake. Koko alikuwa barabarani na beseni lake kichwani, akapunga mkono. Hapakuwa na nafasi. Papa akamwomba radhi kupitia dirishani, naye Koko akacheka, akasema: "Enda tu, Mwalimu. Na gari nayo inachokaka." Walimu wanne waliyasikia maneno hayo. Jioni, Papa aliporudi na kuanza kuupanda mlima wetu, injini ilinguruma lakini magurudumu hayakupokea nguvu. Gari lilisimama, likarudi nyuma polepole kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mnaweza kujaza yaliyofuata. Kabla ya kesho yake adhuhuri, maneno ya Koko yalikuwa yamezunguka bomba la maji mara tatu, na kila mzunguko uliyaongezea jino. Aliyeyabeba kwa bidii kuliko wote alikuwa fundi Deo, mshona nguo, mtu mwenye ulimi mwepesi kuliko cherehani yake. "Yeye njo alisema gari itachoka, na ikachoka. Munataka ushahidi gani tena?" Watoto walikatazwa kula sambaza zake. Mtu alimmwagia majivu mlangoni pake. Baada ya siku tatu shefu wa mtaa aliitwa, na wazee wa bulozi, yaani wale waliojifanya wajuzi wa uchawi, wakadai mjane avunjiwe nyumba arudi kwao kijijini, ambako sote tulijua hakubaki mtu wa kumpokea.

Papa alikuwa bado hajasema neno. Alikuwa chini ya gari. Alifungua bulo, ile parafujo ya chini ya sanduku la gia, ambalo sisi tuliliita buati, akakinga mafuta katika sufuria ya zamani ya mama, akayabeba hadi kwenye mkutano wa shefu. Namkumbuka akipita na sufuria ile mkononi katikati ya watu kama padri na chombo cha maji ya baraka.

"Nuseni," alisema.

Mafuta yale, ambayo yanapaswa kuwa mekundu na laini, yalikuwa meusi, yananuka kuungua, na chini yametuama unga kama kahawa iliyosagwa. Papa akaeleza kilichotokea, na nitakieleza tena hapa, kwa kuwa nusu karne haijatosha.

Madereva wote wa Bukavu, ninyi mnajua, walikuwa na desturi moja. Wakifika kileleni wanazima injini, wanaliacha gari liserereke lenyewe hadi chini, ili kuokoa petroli. Kwa gari la vitesi vya mkono, buati haidhuriki. Lakini ndani ya buati ya otomatiki mna pampu ya mafuta, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Ukizima injini gari likiendelea kutembea, pampu imelala huku vyuma vinazunguka bila mafuta. Papa alikuwa ameteremka hivyo kutoka Cimpunda kila asubuhi kwa miezi mingi, kama walivyofanya wote. Kitabu cha gari, cha Kifaransa, kilikataza jambo hilo waziwazi, naye hakuwa amekisoma hadi ukurasa ule. Alikisoma sasa, mbele ya watu, akakitafsiri.

"Nani ameua buati? Ni miye," alisema. "Mama huyu hana kosa. Kama munataka kuvunja nyumba ya mukosaji, yangu iko pale."

Kisha fundi Deo akasema: "Kitabu ile ilizungumuza na barabara za Ulaya, Mwalimu, haiko inajua milima yetu. Weye uko mutu ya huruma, unamufunika mulozi." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomtisha mama yangu kuliko hasira yao. Shefu, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda kukubaliana na walio wengi, akatoa uamuzi. Kama ni chuma kilichoharibika, basi chuma kitengenezwe. Gari likiupanda mlima kabla Kwaresima haijaisha, siku ya Jumapili ya Matawi, maneno yatakwisha. Lisipopanda, mjane ataondoka.

Hapakuwa na fundi yeyote mjini aliyethubutu kufungua otomatiki, na buati nyingine ya aina ile isingepatikana hata kwa sala za novena. Papa akaamua jambo ambalo kila dereva aliyelisikia aliliita wazimu: kuitoa otomatiki yote na kuweka buati ya mkono mahali pake, nyumbani, uani kwetu. "Gari iliyozaliwa na miguu mbili haiwezi kuota ya tatu," walisema. Papa aliuliza nani amewahi kujaribu. Hakuna aliyekuwa amejaribu. Walikuwa wameambiwa tu.

Ndiyo, alikwenda Luberizi. Sikiliza, wewe msimulizi wa matanga: kule katika tambarare ya Ruzizi, kando ya mashamba ya mpunga, kulikuwa na gari la aina ileile lililopinduka mvua za mwaka uliotangulia. Mwenye shamba alikuwa anafugia kuku ndani yake. Lilikuwa la vitesi vya mkono. Papa alimwachia mkulima yule saa yake ya mkononi, akarudi juu ya lori, amekalia magunia ya mchele, akiwa na buati, ambriyaji yenye kuunganisha injini na buati, gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya injini, pedali tatu, na mhimili mrefu wa kupeleka nguvu nyuma, ambao tuliuita kardani. Alichukua hata bulo, kila moja katika karatasi yenye jina lake. Huyo ndiye mganga wa Luberizi. Alikuwa na manyoya ya kuku na grisi.

Wiki tano zilizofuata ndizo utoto wangu ninaoukumbuka kuliko mwingine wote. Tulichimba shimo uani la kumtosha mtu kusimama, tukalisukuma gari juu yake, tukaziba kila gurudumu kwa jiwe, maana huko kwetu hata uwanja unaoitwa tambarare una nia ya kushuka ziwani. Hatukuwa na mashine ya kunyanyulia. Papa alitoa viti vya mbele, akalaza mti wa mkaratusi ndani ya gari kutoka dirisha hadi dirisha, akapitisha kamba kwenye tundu la sakafu, na kwa kamba ile tukaiteremsha otomatiki shimoni. Mama ndiye aliyeshika mwisho wa kamba, ameizungusha kiunoni, anasali rozari bila kuacha kuvuta. Mikono ya Furaha, myembamba, ndiyo iliyofikia bulo za juu ambazo mkono wa mtu mzima haukuzifikia. Mimi nililala chali chini ya dashibodi, miguu juu ya mgongo wa kiti, nikifunga pedali ya tatu, na kutu ikinidondokea machoni. Tulifanya kazi tangu kutoka shuleni hadi kengele ya jioni, kwa kuwa saa hatukuwa nayo tena. Jumapili hatukugusa chochote.

Koko Nsimire alikuja kila siku. Hakuwa na wateja, kwa hiyo sambaza zake zilikuwa zetu. Aliketi juu ya jiwe, akatazama chini shimoni, akauliza: "Mwalimu, ile kitu njo moyo yake?" Papa alimweleza kila kipande kana kwamba anakwenda kufanya mtihani. Mwishoni alijua tofauti ya diski na bamba la kuikandamiza vizuri kuliko madereva waliokuwa wanamcheka juu ya ukuta.

Lazima niungame kosa langu. Ili buati iingie, ile diski ya ambriyaji ni lazima ikae katikati kabisa kabla ya kukazwa. Kuna chombo cha kazi hiyo. Sisi hatukuwa nacho. Papa akanipa kipande cha mkaratusi na kisu, nichonge kijiti cha unene ule ule wa mhimili wa buati, kitakachoishika diski mahali pake. Nilitaka kwenda kucheza. Nilichonga kwa jicho, nikasema nimepima. Diski ikakaa pembeni kwa unene wa ukucha tu. Buati ikakataa kuingia. Papa na jirani mmoja mwenye moyo waliisukuma mara nne, siku mbili nzima za wiki ya mwisho, wakiwa na chuma kile kifuani, hadi Papa akatema damu kidogo kwa kujiuma mdomo. Watu ukutani walishangilia: "Imekataa! Mulozi amefunga mulango!" Nilimwona Koko akiinuka juu ya jiwe lake na kwenda nyumbani. Nikamwendea Papa shimoni, nikamwambia ukweli.

Nilingoja kofi. Alifuta mikono taratibu. "Ulisema umepima," alisema. "Sasa unaona maneno yako imefikisha mama huyu wapi? Chonga tena." Nilichonga tena, nikapima kwa uzi, nikapima tena. Buati iliingia kwa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayefunga sanduku lake. Sijawahi kupigwa kipigo kilichodumu kama sentensi ile.

Jumamosi, siku moja kabla ya Matawi, jua likiwa bado juu, Papa aligeuza ufunguo. Kimya. Hata kukohoa gari halikukohoa. Ukuta mzima ulicheka. Mwenye lori mmoja, kwa nia njema, akasema: "Mwalimu, sasa iko na ambriyaji. Tusukume tu, itawaka." Papa akakataa. "Mukisukuma, kesho mutasema ilisukumwa na shetani." Akaketi juu ya tairi na kitabu chake, muda wa kupika maharage. Kisha akaeleza, huku anacheka kwa mara ya kwanza tangu Majivu: gari la otomatiki haliwashi demareri, ile mota ya kuamshia injini, mpaka mkono wa vitesi uwe mahali pa kusimama, na nyaya mbili zilikuwa bado zinaungoja mkono ambao tulikwisha kuutupa. Alizikutanisha, akazifunga kwa utepe. Injini ikawaka. Mama aliacha rozari katikati ya Salamu Maria.

Jumapili ya Matawi watu walitoka misani na makuti mikononi, wakajipanga pande zote mbili za mlima. Shefu alisimama juu. Papa alilileta gari hadi chini, akafungua mlango wa mbele, akamwita Koko Nsimire apande.

Alikataa. "Ikizimika na miye ndani, Mwalimu, batanimaliza." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja bei. Papa akamjibu kwamba ni kweli, na kwamba hatamlazimisha. Koko akatazama juu, akamwona fundi Deo na wale wengine. Akakaza kitenge chake. "Basi baone," alisema, akaingia.

Gari lilipanda kwa gia ya kwanza. Lilifika nusu. Hapo mbuzi akakatiza, Papa akafunga breki, na kwa kuwa alikuwa amezoea miguu miwili, akaisahau pedali ya tatu. Injini ikazimika.

Nimeishi miaka mingi katika mji huu, nimesikia milio ambayo sitaiandika hapa. Lakini ule wa injini ile kuzimika bado unanigandisha. Mtu mmoja aliinama akaokota jiwe. Ndani ya gari nilimwona Koko akiwa ametazama mbele, mikono juu ya magoti, kichwa wima. Papa akavuta breki ya mkono. Akaondoa gia, akawasha. Akaikanyaga ile pedali ya tatu, akaweka gia ya kwanza, akaachia polepole, polepole, hadi pua ya gari ikainuka kidogo kama ng'ombe anayejiandaa kuvuta, akaiachia breki. Gari halikurudi nyuma hata shibiri moja. Lilipanda hadi miguuni pa shefu.

Koko alishuka mwenyewe. Shefu akasema shauri limekwisha. Kisha Papa akamwita fundi Deo kwa jina, mbele ya wote. "Ni nani alikuambia ya kama mama huyu iko mulozi?"

"Batu, Mwalimu."

"Batu gani?"

Deo alitazama kulia na kushoto. Wote walikuwa wanachunguza makuti yao. Nami namheshimu mpaka leo kwa kilichofuata, kwani hakukimbia. "Hakuna," alisema. "Ni miye nilisema. Sikuona kitu." Kisha akamsogelea Koko, akamwomba msamaha. Koko akamwambia: "Kesho uje kununua sambaza." Naye Deo alikwenda.

Koko Nsimire alikufa miaka mingi baadaye, kitandani mwake, chini ya mabati yake, na tulimzika kwa heshima. Naandika hayo kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakigombaniwa, na ndiyo yaliyopatikana. Wala msidhani kwamba mtaa mzima ulielimika. Wapo waliosema baadaye kwamba ni yeye aliyeliponya gari kwa kukaa ndani yake. Papa alipoyasikia aliuliza tu ni akina nani waliosema, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Leo magari ya otomatiki yamejaa Bukavu, na vijana wetu huyaendesha kwa kidole kimoja huku kingine kiko kwenye simu. Moja likizimika, wanalipiga picha kwanza. Fundi anachomeka kifaa chake, kifaa kinamwambia ugonjwa, naye anakiamini kama tulivyoamini kengele ya kanisa. Mkono hauingii hata kwenye grisi. Sina ugomvi na kifaa. Nina ugomvi na hicho kidole kingine. Majuzi sauti ya mtu asiyejitaja ilizunguka katika simu za mtaa wetu, ikimtaja mwanamke mzee wa kule mtaa wa Kasha kuwa ni mulozi. Kijana msomi, mwenye diploma, alinisikilizisha, kisha akasema: "Muzee, batu bote banajua." Nilimtaka anionyeshe hata mmoja anayejua. Akacheka, akaituma mbele.

Enzi zetu tulikuwa wajinga pia. Sitawadanganya kwamba tulikuwa malaika. Lakini ilimchukua fundi Deo siku tatu kwa miguu kumchafua mtu, akiwa na uso wake na jina lake, na siku ya kuulizwa alipatikana. Sasa kazi hiyo ni ya sekunde chache, na hakuna mlango wa kugonga. Kumsafisha mtu ndiko ambako hakukupata njia ya mkato. Bado kunahitaji mtu wa kushuka shimoni, alale chali, achafuke, aitwe mwendawazimu, tena kwa wiki tano. Magoti yangu hayashuki tena shimoni, lakini ulimi unafika. Kesho nakwenda Kasha, na nitakaa mlangoni kwa yule mama, mchana kweupe, anione kila mpita njia.